Boti ya jeti katika Bandari ya Sydney: mmeuliza, tunajibu

Wasomaji kadhaa wanaojiandaa kwenda Sydney, Australia, wengi wao kutembelea ndugu na watoto wanaosoma huko, wametuuliza kuhusu zile boti za kasi zinazozunguka na kurusha maji mbele ya Opera House, lile jumba maarufu la maonyesho. Maswali tumeyafupisha, majibu tumeyaacha na urefu wake.

Mwanangu amenikatia tiketi ya boti ya jeti. Mimi nimezoea boti za Mokowe kwenda Lamu. Hii ina tofauti gani? (Mama, Malindi)

Mama, boti za Mokowe zina mashine iliyofungwa kwa nje tezini, yaani nyuma ya boti, na rafadha yake (mapanga ya kusukuma boti) inazunguka chini ya maji. Boti ya jeti haina kitu kinachoning'inia chini. Injini imo ndani, na kazi yake ni kuzungusha pampu. Chini ya boti, karibu na tezi, kuna tundu lenye fito za chuma za kuzuia takataka. Maji yanavutwa hapo, yanapita kwenye gurudumu la mapanga linaloyasukuma kwa nguvu, kisha kwenye mapanga mengine yasiyozunguka ambayo yanayanyoosha ili yaache kujipinda, halafu yanachomoka nyuma kwenye mdomo mwembamba. Msukumo wa maji hayo ndio mwendo wa boti. Usukani unageuza mdomo huo kushoto na kulia. Nahodha akitaka kurudi nyuma, bakuli la chuma linashuka nyuma ya mdomo na kuyageuza maji yaelekee omo, yaani mbele ya boti.

Aliyeifanya teknolojia hii ifanye kazi vizuri kwenye boti ndogo ni Bill Hamilton, mhandisi na mfugaji wa New Zealand, katika miaka ya 1950. Mito ya kwao ni mipana lakini haina kina, imejaa kokoto, na rafadha zilikuwa zikivunjika. Mwanzoni mashine yake ilitoa maji chini ya boti na kasi ikawa ndogo. Alipouinua mdomo ukatoa maji juu ya usawa wa mto, boti ikaruka. Mwaka 1960 boti za aina yake ziliupanda Mto Colorado, Marekani, kupitia Grand Canyon, zikienda kinyume cha mkondo.

Sydney kina si tatizo kabisa, meli kubwa za abiria zinafunga gati katikati ya mji. Jeti imependwa pale kwa sababu ya vituko vyake, ndilo swali linalofuata.

Boti inazungukaje duara zima kwa kasi ile bila kupinduka? (Kijana, Tabora)

Tuanze na kasi. Boti hizi hufika takriban noti 40 (kipimo cha kasi baharini), ambayo ni karibu kilomita 75 kwa saa. Hiyo ni mita 20 na ushei kila sekunde, nawe umekaa karibu kabisa na maji.

Kabla ya mzunguko, kwa kawaida nahodha huinua mkono na kuzungusha kidole juu ya kichwa. Hiyo ni ishara ya kushika chuma kwa mikono miwili. Halafu anafanya mambo matatu kwa haraka: anapunguza mafuta kidogo, anakata usukani hadi mwisho, kisha anaongeza mafuta tena. Mdomo wa jeti unapiga tezi pembeni kwa nguvu, na kwa kuwa chini hakuna rafadha wala mkuku mrefu (uti wa chini wa boti) wa kung'ang'ania maji, boti nzima inateleza ubavu na kuzunguka mahali pamoja. Boti hupinduka pale sehemu ya chini inapokwama kwenye maji huku juu kukiendelea kusogea. Hapa hakuna cha kukwama, na uzito wa injini uko chini. Boti ikizungukia kushoto, mwili wako utasukumwa kulia. Jua hilo mapema, usimwangukie jirani.

Kituko cha pili ni kusimama ghafla. Lile bakuli la nyuma linashuka wakati boti iko kasi, omo inainama, na ukuta wa maji unawafunika abiria. Hakuna kiti kinachobaki kikavu.

Kuna jambo moja ambalo wanaoendesha jeti kwa mara ya kwanza hawalijui, nalo limewaumiza wengi: boti hii haina usukani kama haina msukumo. Mtu anaona kitu mbele, anaogopa, anaachia mafuta yote, kisha anakata kona. Boti inaendelea kwenda mbele vilevile, kwa sababu hakuna maji yanayotoka nyuma ya kuigeuza. Ili kukwepa lazima ubaki na mafuta. Mkono wa mtu aliyeshtuka haupendi kufanya hivyo, ndiyo maana kazi hii ni ya nahodha aliyefunzwa na kupewa leseni.

Nina miaka 58 na mgongo unanisumbua mara mojamoja. Nikae wapi? (Mwalimu, Morogoro)

Swali hili tungependa kila abiria aliulize, maana vijana wanakimbilia viti vya mbele bila kujua vina nini.

Boti ya kasi ikivuka wimbi, inapanda, inabaki hewani kidogo, kisha inatua. Inapotua, kiti kinapanda kukutana na mwili ambao bado unashuka. Pigo hilo linapita kwenye nyonga na kuingia kwenye uti wa mgongo. Jeraha linalojulikana zaidi kwenye boti za kasi za kitalii ni pingili ya mgongo kupondeka, mara nyingi pale mbavu zinapoishia. Halihitaji ajali. Wimbi moja linatosha, hata lile la kivuko kilichopita.

Omo ndiyo inayopanda na kushuka zaidi. Sehemu ya nyuma hucheza kidogo sana. Kwa hiyo, Mwalimu, omba kiti cha nyuma, uombe ukiwa gatini, kabla watu hawajaanza kupanda, na umwambie mhudumu sababu. Ukikaa, weka nyayo zote mbili chini, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, mikono imeshika chuma lakini viwiko visikaze. Ukiona wimbi linakuja, hamishia uzito kidogo kwenye miguu ili mapaja yapokee pigo. Usiinuke kusimama. Tazama mbele. Mtu anayeumia mara nyingi ni yule aliyejipinda nyuma kupiga picha wakati boti inatua, kwa sababu mgongo uliopindwa hauna nguvu ya kupokea mzigo.

Lakini kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo au shingo, au daktari amekwambia mifupa yako imepungua uimara, usipande, hata kiti cha nyuma. Mjamzito naye asipande, hata kama mimba ni changa. Wenye ugonjwa wa moyo waongee na daktari wao kwanza. Utapewa fomu ya kusaini inayotaja hali hizi. Isome, usisaini tu kwa sababu foleni ni ndefu.

Nivae nini? Mimi navaa hijabu, na miwani siwezi kuiacha. (Dada, Zanzibar)

Utaloa mpaka nguo za ndani, hilo lichukulie kuwa hakika. Acha baibui hotelini. Nguo pana ikilowa huwa nzito, na ikiwa kuna dharura inafunga miguu. Suti ya kuogelea ya stara, ile ya suruali na blauzi ndefu, ni bora kuliko zote kwa sababu inakauka haraka. Ukikosa, vaa suruali ya kitambaa chepesi na blauzi ya mikono mirefu. Jinzi usivae.

Hijabu iwe ya kuvaa moja kwa moja kichwani, ya kitambaa kinachonyumbuka, ncha zake zichomekwe ndani ya blauzi kabla ya kuvaa jaketi la kuokolea. Mtandio wa kuzungusha utapeperuka, na pini ni hatari upepo unapovuta au jaketi linapokandamiza kifua. Miwani ifunge kwa kamba ya nyuma ya kichwa, iliyokazwa. Viatu viwe vya kamba au sandali zenye mkanda kisiginoni. Kandambili zinapotea kwenye mzunguko wa kwanza.

Losheni ya jua ni lazima, jua la Australia linachoma hata siku yenye mawingu. Ipake dakika 20 kabla, ila kwenye paji la uso paka kidogo sana, maana maji ya chumvi yataiteremsha machoni na utasafiri umefumba macho. Simu iache kabatini, gati nyingi wanayo makabati. Mfuko wa plastiki unaoning'inia shingoni huzuia maji vizuri, lakini wakati wa kuzunguka huo huo unageuka kuwa jiwe mbele ya uso wako.

Sijui kuogelea. Je, nibaki gatini? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana, panda. Kila abiria anavaa jaketi, na hiyo si hiari. Australia hupanga majaketi kwa nambari. Lenye nambari 100 na kuendelea lina kola ya kuinua kichwa, lenye 50 halina. Likiwa la sponji, hakikisha mkanda umekazwa kiasi kwamba mtu akilivuta mabegani halipiti kidevu. Likiwa la kujaza gesi, kwa kawaida ni la kuvuta kamba kwa mkono, kwa sababu yale yanayojifungua yenyewe kwenye maji yangefumuka kwa marusho ya kwanza tu. Uliza kamba iko wapi, iguse kwa vidole, kisha iache.

Mwanangu ana miaka 6, ataruhusiwa?

Kinachoangaliwa zaidi ni urefu, mara nyingi kati ya sentimita 120 na 130, kutegemea kampuni. Sababu ni kwamba mtoto ambaye nyayo zake hazifiki chini hana cha kumzuia. Mpime nyumbani kabla ya kulipa. Asipofika, msimdanganyie umri.

Twende mwezi gani, na saa ngapi? Tunataka pia kupiga picha za daraja. (Familia, Nairobi)

Misimu ya kule ni kinyume. Kiangazi ni Desemba hadi Februari, na mwezi wa Februari na Machi maji huwa na joto la nyuzi 23 hivi. Agosti yanashuka hadi 18 au chini kidogo, hewa ni baridi, na ukilowa kwenye upepo wa kilomita 70 kwa saa utatetemeka. Wakati huo kodini makoti ya mvua gatini na vaeni sufu ndani yake, siyo pamba.

Siku za kiangazi upepo wa kaskazini mashariki huamka mchana na kuichafua bandari, basi anayetaka maji laini aende asubuhi. Anayetaka mishtuko aende alasiri. Pia tazameni mvua. Mvua kubwa inasomba maji machafu ya mji, magogo na chupa hadi bandarini, na mamlaka za huko hushauri watu wasiogelee bandarini hadi siku tatu baadaye. Maji hayo hayo ndiyo yatakayowaingia mdomoni. Sisi tungeahirisha.

Safari ni ya dakika 30 hivi. Ukianzia Circular Quay, gati la vivuko la katikati ya mji, boti inatoka polepole kwa sababu vivuko havikatiki, inaipita Opera House na kuelekea upande wa Fort Denison, kisiwa kidogo chenye ngome, ambako kuna nafasi ya kufungua mashine. Daraja, lililofunguliwa mwaka 1932 na lenye upinde wa mita 503, mtaliona vizuri boti ikisimama. Kwa picha zenyewe pandeni kivuko cha umma kwenda Manly, mtaa wa ufukweni, pia dakika 30, mkiwa wakavu. Msipange kukodi jetski, ile pikipiki ya majini, badala yake. Zimepigwa marufuku ndani ya Bandari ya Sydney tangu 2001.

Bahari hunichafua roho upesi. Nifanyeje?

Boti ikiwa kasi, wengi hawapati shida. Roho huchafuka inaposimama na kuyumba. Kula kitu kidogo kikavu saa moja na nusu kabla, kama mkate mtupu. Dawa ya kichefuchefu cha safari imezwe mapema kama karatasi yake inavyosema, kwani ukishaanza kutapika haisaidii. Angalia upeo wa bahari.

Binamu yangu alisema boti yao ilinguruma sana lakini haikwenda. Iliharibika?

Pengine ilinyonya mfuko wa plastiki, kamba au mwani. Tundu likiziba, pampu inakosa maji, mapanga yanazunguka kwenye mapovu, injini inapiga kelele na kasi inashuka. Nahodha anazima, anafungua kifuniko kilicho juu ya tundu ndani ya boti, na kuuchomoa uchafu kwa mkono. Zikiwa fito zimeshika kwa nje, wakati mwingine kuzima mashine tu kunatosha, mfuko unajiangukia.

Je, biashara hii inawezekana Dar es Salaam au Mombasa? (Mjasiriamali, Kigamboni)

Inawezekana, ila siyo mlangoni mwa bandari. Magogoni na Likoni vivuko vinakata njia mchana kutwa, meli zinaingia, na ngalawa na mitumbwi haina taa wala rada. Wimbi la boti ya kasi linaupindua mtumbwi. Tafuta maji ya wazi mbali na wavuvi, na uanze na wavuvi wenyewe, ndio wanaojua mchanga umehamia wapi baada ya kusi.

Hesabu matengenezo kabla ya bei ya boti. Jeti inapenda maji safi. Mchanga unakwangua mapanga na ukuta unaoyazunguka, na nafasi kati ya viwili hivyo ikiongezeka hata milimita chache, boti inakula mafuta zaidi na kukimbia kidogo. Maji yakipwa usiwashe mashine mahali pa kina cha goti, itafyonza mchanga kama ilivyo. Plastiki zetu pia ni nyingi, hasa mvua za masika zinaposhusha mito. Chumvi nayo inataka kusafishwa kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, na vipande vya zinki vinavyokinga chuma dhidi ya kutu vibadilishwe vikiisha nusu.

Kwa vibali, Tanzania Bara nenda TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya ni Kenya Maritime Authority. Nenda na mchoro wa njia, idadi ya viti na mpango wa uokoaji kabla hujaagiza boti.