Je, jua linaweza kuwasha baruti?

Swali: Nimeona picha ya mnara ulio katika makaburi ya Congressional Cemetery, Washington, ambao kitako chake kina mchongo wa jengo linalolipuka. Maelezo yanasema kwamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani jua liliwasha fataki, na wanawake 21 waliokuwa wakitengeneza risasi wakafa. Je, jua peke yake linaweza kuwasha baruti, au hicho kilikuwa kisingizio?

Jibu: Ndugu msomaji, shaka yako ina msingi. Baruti nyeusi, yaani mchanganyiko wa shura, makaa na salfa, huhitaji joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi ndipo iwake, na hakuna jua, liwe la Washington au la Dodoma, linaloipandisha baruti iliyoanikwa hadi kiwango hicho. Lakini kilichoanikwa nje ya ghala la silaha la Washington, walikofanya kazi wanawake hao, tarehe 17 Juni 1864 hakikuwa baruti ya kawaida. Zilikuwa nyota za fataki, vidonge vinavyotoa mwanga wa rangi angani, na msimamizi Thomas Brown alikuwa amezitandaza zikauke kwenye masinia ya chuma yaliyopakwa rangi nyeusi, mita chache tu kutoka jengo la kazi.

Nyota nyekundu za zama hizo zilipata rangi yake kutokana na chumvi za strontiamu, na mara nyingi zilichanganywa na kloreti ya potasiamu, ambayo huachia oksijeni yake kwa urahisi kuliko shura. Kloreti ikikutana na salfa yenye chembe za asidi, mchanganyiko huanza kujipasha joto wenyewe polepole; joto hilo lisipopata pa kutokea, mmenyuko huzidi kasi hadi vidonge vinawaka bila kuguswa na mtu. Kwa hiyo jua halikuhitaji kufikisha nyuzi 300. Lilitakiwa kusukuma tu, na sinia jeusi, ambalo saa sita mchana mikono haiwezi kulishika, lililisaidia sana.

Nyota zilipowaka ziliruka, nyingine zikaingia kwa dirisha lililokuwa wazi. Ndani, wanawake walikuwa wamekaa kwenye meza ndefu wakifunga risasi za karatasi kwa uzi, huku unga wa baruti ukiwa mbele yao. Hapo mchongo unaweza kumpotosha mtazamaji, kwani baruti iliyo wazi mezani haipasuki kama ile iliyobanwa ndani ya chombo. Huwaka yote kwa mkupuo mmoja, na wengi waliuawa na moto. Magauni yao mapana, yaliyotanuliwa kwa pete za ndani, yalishika moto na kuwazuia kupita kati ya meza.

Katika machimbo ninakofanya kazi, detoneta, yaani vifaa vidogo vya kuanzishia mlipuko, zina stoo yake na baruti ina yake, na hakuna anayeruhusiwa kuzilaza pamoja hata usiku mmoja. Kule Washington, chanzo cha moto kiliwekwa dirishani pa chumba cha baruti.

Kuhusu kisingizio: jopo lililochunguza vifo hivyo halikulilaumu jua. Lilimlaumu Brown kwa uzembe wa kuyaweka masinia mahali pale. Siku mbili baada ya moto, Rais Lincoln alihudhuria mazishi.