Maswali ya Wasomaji: Nifundisheje uchafuzi wa maji bila maabara?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Sayansi na Teknolojia katika shule ya msingi jijini Mwanza, isiyo mbali na mto Mirongo. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wanataja vyanzo vya uchafuzi wa maji bila kukosea, lakini nikiwauliza maji ya mtaro ulio nje ya geti yanaishia wapi, wananyamaza. Maabara hatuna. Nianzie wapi, na je, niwapeleke mtoni? (Mwalimu, Mwanza)

JIBU: Anzia kwenye mtaro huo huo, Mwalimu. Siku isiyo na mvua, wafuatishe wanafunzi njia ya maji yake wakiwa na daftari na penseli, wachore ramani inayoonyesha gereji, choo kilicho jirani, genge la mboga na dampo, mpaka mtaro unapoingia Mirongo, na Mirongo nao unapoingia Ziwa Victoria, ambako ndiko jiji linakopata maji ya bomba. Mtoto aliyechora ramani hiyo kwa mkono wake hatahitaji kukaririshwa vyanzo vya uchafuzi.

Mtoni wapeleke, lakini asiingie mtu majini. Kanda ya Ziwa ina kichocho, na vimelea vyake, vinavyotoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu anayekanyaga maji tu. Simameni darajani au mahali pakavu, maji uyachote wewe mwenyewe kwa ndoo yenye kamba, ukiwa umevaa glavu, na wote mnawe kwa sabuni mkirudi.

Darasani, chukua chupa tatu za plastiki zinazopitisha mwanga, uzijaze maji ya ziwa. Ya kwanza iache kama ilivyo, ya pili utie mbolea ya chumvichumvi kidogo sana, ya tatu utie samadi, kisha uziweke dirishani penye mwanga. Baada ya wiki mbili hivi, chupa yenye mbolea kwa kawaida huwa imekuwa ya kijani kuliko ile ya kwanza, na hapo ndipo pa kueleza jinsi naitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na vyooni zinavyolisha mwani na magugu maji, na jinsi mwani huo unapokufa na kuoza unavyomaliza oksijeni ambayo samaki wangeivuta. Usiharakishe hapa. Watoto wengi wanadhani samaki hufa kwa kula sumu, na kuwaondolea dhana hiyo kunahitaji zaidi ya kipindi kimoja.

Jambo jingine ninalolihimiza kwa moyo wote ni kuvunja imani kwamba maji meupe ni maji safi. Chuja maji ya mtaro kwa mchanga na changarawe mbele yao, mpaka yatoke yakiwa maangavu, halafu uliza nani angeyanywa. Asiyaonje mtu yeyote. Waeleze kwamba vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, na kwamba maji hayo yangepaswa kuchemshwa au kutiwa dawa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuhatarisha mazingira yake, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Pimeni kamba ya urefu huo uwanjani, ili watoto wauone umbali wenyewe kabla ya kurudi kwenye ramani yao.

Siku ya kuokota takataka si mbaya, ila nisingeifanya kuwa kilele cha somo, kwani mvua inayofuata hushusha nyingine. Afadhali wanafunzi warudi mahali pale pale kila mwezi, kiangazi na masika, waandike rangi ya maji, harufu, na taka walizoziona. Wakishakuwa na kumbukumbu za miezi kadhaa, mwalike mtaalamu kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na maswali wayaulize wao.