Mume anadaiwa ushuru lakini anataka gari: je, naweza kuzuia pesa alizoniwekesha?

SWALI: Assalaamu alaykum, Shekhe. Mimi ni mke na mama wa watoto watatu, naishi Likoni. Mume wangu amejiajiri, huchora ramani za majengo. Mwaka wa 2024 aliingiza shilingi milioni 1.6, na ukitoa gharama za kazi alibakiwa na milioni 1.2. Mhasibu amemwambia bado anadaiwa na KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, karibu 189,000. Ana akiba ya 900,000, na zote aliniwekesha kwenye akaunti yangu kwa kuwa anajijua, pesa hazimkai mkononi. Sasa ameona Fielder kwenye yadi ya magari, milioni 1.1. Anataka nimpe pesa zake zote na niongeze 200,000 zangu za chama cha akiba. Nikimtajia ushuru, anajibu kwamba Mtume (s.a.w.) amesema mtoza ushuru haingii peponi, kwa hiyo hilo si deni mbele ya Mungu, na tena makampuni anayoyafanyia kazi yalishamkata. Tumegombana mpaka nikamwambia pesa nimezifungia, hazitoki mpaka Disemba, na si kweli. Je, nimekosea? Na je, naweza kulilipa deni hilo kimyakimya?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakaatuh.

Binti yangu, katika suala la ushuru haki iko upande wako. Katika suala la pesa ulizozificha, haki iko upande wa mumeo. Najua hukutarajia nusu hiyo ya pili, lakini ndiyo itakayonichukua muda zaidi.

Kwanza hilo la kukatwa. Kampuni inapomlipa mtaalamu ada yake humkata 5% na kuipeleka KRA. Wengi waliojiajiri hudhani yameisha hapo, na hapo ndipo wanapoponzwa. Makato hayo ni malipo ya awali tu. Faida ya milioni 1.2 kwa mwaka, kwa viwango vya kodi ya mapato vya Kenya na baada ya nafuu ya kila mlipaji, inatoa kodi ya karibu 268,600. Makampuni yalikata 80,000. Kilichobaki ni 188,600, kwa hiyo mhasibu wenu amehesabu sawa. Kiasi hicho kilitakiwa kiwe kimelipwa ifikapo tarehe 30 Aprili 2025. Kisipolipwa kuna faini ya 5%, na juu yake riba ya 1% kila mwezi.

Ama hadithi aliyoitaja mumeo, imepokewa na Abu Daud, na maana yake ina ushahidi katika Sahihi Muslim, katika kisa cha mwanamke wa kabila la Ghamid, ambaye Mtume alisema ametubu toba ambayo hata mtoza ushuru angetubu angesamehewa. Hatuwezi kuipuuza. Lakini maks (ndilo neno la ushuru katika hadithi hiyo) iliyokemewa wanavyuoni wameieleza kuwa ni tozo ya dhulma: watu kusimamishwa njiani na sokoni wanyang'anywe mali zao bila haki. Imam al-Ghazali, na baada yake ash-Shatibi wa Andalusi, waliruhusu mtawala kuwatoza wenye uwezo pale hazina inapokuwa tupu na haja ya umma ikawa ya kweli. Wako wanavyuoni wanaobana zaidi katika jambo hili, na mimi siwabezi. Ninaloliona lina nguvu ni kwamba anayeishi katika nchi, akatumia barabara zake na mahakama zake, akachukua PIN (namba ya mlipa ushuru) na kusaini mikataba kwa namba hiyo, amejifunga kwa ahadi, na aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha tutimize ahadi.

Mumeo atasema pesa zenyewe zinaliwa. Hakuna asiyelijua hilo, na tuliwaona vijana walivyojaa barabarani mpaka Mswada wa Fedha wa 2024 ukaondolewa. Mtume (s.a.w.) alipowaambia Masahaba kwamba baada yake wataona upendeleo na mambo ya kuwachukiza, walimuuliza anawaamrisha nini. Akawaambia watekeleze haki iliyo juu yao, na haki yao wamuombe Allah. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim. Na hata anayeshika rai kali kwamba ushuru wote ni dhulma, bado kuna riba inayopanda kila mwezi, na hiyo ameichagua mwenyewe kwa kuchelewa hali uwezo anao. Namuonea ajabu Muislamu anayekimbia mkopo wa benki kwa kuogopa riba, kisha anaiacha ya KRA imkusanyikie ilhali pesa za kuizuia ziko ndani.

Je, gari ni haramu kwake? La. Ni mali yake, na kununua gari si dhambi. Lakini tazama Imam Nawawi, ambaye sisi watu wa pwani tunasoma fiqhi yake tangu chuoni, alivyosema kuhusu sadaka: lililo sahihi zaidi ni kwamba ni haramu mtu kutoa sadaka kwa mali anayoihitaji kwa matumizi ya wanaomtegemea, au kwa deni asilotarajia njia nyingine ya kulilipa. Hiyo ni sadaka, ibada kubwa. Fielder itakuwaje? Akisema gari ni la kazi, atayawahi maeneo ya ujenzi Diani na Kwale bila kusubiri matatu, hoja hiyo ina uzito na nakuomba uisikilize kwa haki. Kama chombo kitamwongezea kazi, huo ni uchumi. Ila mwenye 711,000 baada ya kulipa ushuru anaweza kupata gari dogo zaidi, au akangoja. (Na akumbuke kwamba kwenye feri ya Likoni anayevuka kwa miguu halipi, lakini gari linalipa kila linapovuka.)

Sasa tuje kwenye pesa zilizo kwako.

Mumeo alipokuwekesha hakukupa zawadi, wala hakukufanya msimamizi wa kuamua zitumike wapi. Hiyo ni amana. Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Allah ametuamrisha turudishe amana kwa wenyewe. Mwenyewe akizitaka, hata kwa jambo usilolipenda, unampa. Unaweza kumshauri, unaweza kulia, unaweza kumwambia "subiri mpaka Ijumaa tuzungumze". Kumwambia zimefungwa na hazijafungwa, huwezi.

Huenda umesikia kwamba uongo baina ya mke na mume umeruhusiwa. Ndiyo, hadithi hiyo iko katika Sahihi Muslim. Lakini Nawawi huyo huyo ameifafanua kuwa ni maneno ya kuoneshana mapenzi: mume kumwambia mkewe hajaona mzuri kama yeye, mke kusifu samaki aliyemleta mumewe hata kama ni mwembamba. Ama hadaa ya kuzuia haki ya mwenzako, au kuchukua kisicho chako, amesema hiyo ni haramu kwa makubaliano ya Waislamu. Huenda pia ukamtaja Hind binti Utba, aliyeruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kuchukua katika mali ya mumewe Abu Sufyan bila ya kumjulisha. Hind alinyimwa matumizi yake na ya wanawe, akaruhusiwa achukue ya kumtosha kwa wema. Wewe hujaniambia kwamba nyumbani hakuna unga wala kwamba karo haijalipwa. Kwa hiyo kulipa ushuru wake kwa siri kutoka kwenye amana yake hakufai, hata kama deni ni la kweli. Akikupa ruhusa, lipa siku hiyo hiyo na umuoneshe risiti.

Najua utaniuliza: basi nimkabidhi 900,000 nimtazame azitupe? Mrudishie ukweli kwanza. Mwambie: "Baba fulani, zile pesa hazikufungwa, niliogopa." Atakasirika. Mwache akasirike, kisha wakati mzuri mpelekee karatasi ya mhasibu, aone mwenyewe faini ya karibu 9,430 na riba ya karibu 1,886 kila mwezi. Mkumbushe pia kwamba makampuni na serikali ya kaunti huomba cheti cha KRA cha kuonesha mtu amelipa ushuru kabla ya kutoa kazi, na mwenye deni hakipati. Hilo la cheti nadhani litamgusa kuliko hadithi zote nilizozitaja! Kama shida ni kutoa pesa zote kwa mkupuo, sheria inamruhusu kuomba KRA alipe kwa awamu, ingawa kwa mwenye 900,000 sioni haja.

Na yeye nina neno lake, ukimsomea. Allah alipotaja kumwachisha mtoto ziwa, katika aya ya 233 ya Suratul Baqara, ameweka masharti mawili: wazazi waridhiane na washauriane. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kunataka mashauriano, milioni 1.1 zinazomgusa mtoto huyo huyo je? Mtume (s.a.w.) mwenyewe, siku ya Hudaybiyya, aliufuata ushauri wa mkewe Ummu Salama mbele ya Masahaba wake. Ndugu yangu, pesa za ushuru hazikuwa zako tangu zilipoingia, wewe umezibebea tu. Kila ukilipwa, tenga sehemu yake papo hapo, kwa sababu KRA wanataka kodi ya waliojiajiri kwa awamu nne, kila tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Disemba. Usingoje mwaka uishe ndipo uanze kugombana na mkeo. Na kama akiba hiyo imefika nisabu (kiwango cha mali kinachowajibisha zaka) na mwaka umeizunguka, ina zaka, na katika rai yenye nguvu ya Imam Shafii deni haliiondoi. Ushuru uliolipa hauhesabiwi kuwa zaka.

Limebaki la 200,000 zako. Hizo ni zako peke yako, binti yangu, na hana haki ya kukulazimisha. Mama Maymuna, mke wa Mtume, alimwacha huru kijakazi wake bila kumuomba Mtume ruhusa, naye hakumkaripia kwa hilo. Ukikataa kuongeza, huna dhambi wala hujawa mke mkaidi. Ukitaka kuongeza, kwa moyo mweupe, amueni kabla ya kwenda yadi kama ni zawadi, ni mkopo, au ni hisa yako katika gari. Kisha andikeni na mshuhudishe watu, kama aya ya deni inavyoamrisha, na jina lako liingie kwenye kitabu cha gari ikiwa ni hisa. Nimeamua mirathi mingi ambamo wajane wanaapa walichangia na hakuna hata kipande cha karatasi.

Wallahu a'lam.