Shangazi, mume wangu ananiona kichaa

"Shangazi, miezi minane iliyopita nilinusurika ajali ya gari, abiria mwenzangu akafia pembeni yangu. Dada yangu na marafiki zangu ndio faraja yangu, naongea nao kila siku. Siku hizi natembea kwa miguu tu na sina tatizo. Shida ni mume wangu. Hanisikilizi tena. Nikishtuka usiku nimelowa jasho huwasha taa, huniletea maji, kisha huanza yaleyale: twende kwa mshauri nasaha. Ananiona kichaa. Nifanyeje aache kunisumbua?"

Pole sana, mwanangu. Kumwona mtu akikata roho kando yako si jambo dogo.

Lakini neno "kichaa" ni lako. Nimeirudia barua mara tatu nikilitafuta kinywani mwa mumeo, sikuliona. Mtu anayekurupuka usingizini akakushikia bilauri ya maji mikono yako ikitetemeka, kwa miezi minane, unasema hakusikilizi? Kakusikia vizuri sana, ndiyo maana ana hofu. Mimi niko upande wake.

Na hilo la kutembea kwa miguu umelipitisha haraka, kama vile nisingeliona. Hupandi gari tena, mwanangu. Hilo ndilo tatizo lenyewe.

Wiki za mwanzo ndugu na marafiki wanatosha kabisa. Wengi waliopatwa na makubwa hupata nafuu hivyo hivyo, bila mtaalamu. Ila majinamizi na kukwepa vikivuka mwezi na kuanza kukutawala, hicho ni kiwewe kinachohitaji tiba, na tiba ipo. Dada yako anakupenda, lakini mapenzi si ujuzi. Unasimulia, analia, unalia, mnaagana, na kesho barabara ni ileile.

Mshauri aliyesomea kiwewe hafanyi hivyo. Atakufundisha kwanza kujituliza, kisha mtaisogelea hofu kidogo kidogo: siku moja unakaa ndani ya gari lililozimwa, mlango wazi, mkono juu ya kiti, unangoja mpaka moyo ushuke. Siku nyingine injini inawashwa. Wengine hutumia EMDR, njia aliyoianzisha Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo unalikumbuka tukio huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu. Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza tiba za aina hii mwaka 2013. Mara nyingi ni vikao 8 hadi 16, basi. Na akikulazimisha umwage yote siku ya kwanza, tafuta mwingine.

Hapa nawageukia wanandoa wote. Siku hizi mtu akikwazika kidogo, mwenzake ameshahukumiwa na baraza la marafiki kabla hajakalishwa kitako. Marafiki husikia upande mmoja, nao hawapo saa nane za usiku. Mliyelala naye ndiye anayeona. Mnampuuza kwa sababu tu anasema msilotaka kusikia, na nyumba nyingi zinavunjika hivyo. Inaniuma.

Dada yako usimwache. Mwombe akusindikize kwa mshauri, hata kwa miguu. Na leo usiku mumeo akiwasha taa, kabla hajafungua mdomo, mwambie akutafutie siku. Kisha mwulize yeye analalaje.