Jibu: Mafungo ya walimu na wafanyakazi Malindi, na nusu ya stafu si Wakatoliki

Mwalimu, umeuliza kama inafaa kupeleka stafu wote mafungo, yaani siku ya kutulia na kusali mbali na kazi, wakati karibu nusu yenu si Wakatoliki, Waislamu wamo, na prinsipo anaogopa italeta maneno. Inafaa sana. Mimi nafunza shule ya Kikatoliki hapahapa Malindi na niko kwenye kamati inayopanga haya mambo, wacha nikwambie vile sisi hufanya.

Prinsipo asiogope. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule, kama vile Kanisa, kazi ya kukuza mambo ya kiroho, ila papo hapo inataka dini za wengine zilindwe, na Katiba kifungu cha 32 hairuhusu mtu kulazimishwa ibada isiyo yake. Kwa hivo mwaliko uwe mwaliko kweli, asiyekuja asije akaulizwa Jumatatu. Na kwa Kanisa lenyewe, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya elimu na ile ya dini zingine zilitolewa siku moja, 28 Oktoba 1965, mimi siwezi kuzitenganisha.

Siku iwe Jumamosi, Ijumaa hapana, Ramadhani hapana, na chakula cha mchana kiangukie adhuhuri wenzetu wapate kuswali bila kutoroka kikao. Misa iwe mwisho, na padri aeleze mapema nani anapokea Komunyo ndo mtu asifike mbele akaaibika.

Sisi huanzia kile kikanisa cha Wareno kilichoezekwa makuti kule karibu na bahari, kinatunzwa na Makavazi ya Kitaifa. Mmisionari Fransisko Ksaveri alipita Malindi 1542 akielekea Goa, India, na huyu ni rafiki wa Ignasi wa Loyola aliyeandika kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, ambacho mafungo mengi ya leo yamechota humo. Kwenye barua yake anasema Muislamu mmoja mwenye heshima wa hapa mjini alimuuliza kama Wakristo kwao bado wanaenda kanisani kusali, manake yeye alikuwa anasikitika watu wake wamepunguza kwenda msikitini. Hiyo stori sisi huisoma mbele ya wote alafu tunauliza swali moja tu, wewe maombi yako yako vipi siku hizi? Hapo Muislamu, Mpentekoste, Mkatoliki, kila mtu ana la kujibu, hakuna mgeni.

Baada ya hapo watu wanatembea ufuoni wawiliwawili kama wale wanafunzi wawili wa Yesu njiani kwenda Emau, simu zimebaki kwa kapu, nusu ya kwanza kimya, nusu ya pili mnaongea. Na hapa ndo nakuomba sana, usiwaache wapishi, walinzi, karani na dereva nyuma, tena mwalimu asitembee na mwalimu. Mimi nilitembea na mpishi wetu, mama wa makamo, akaniambia yeye anamjua mtoto ambaye hajala kwao tangu jana kwa vile anavyoshika sahani, anaishika kwa mikono miwili na haangalii pembeni mpaka amalize. Akanitajia watoto, wawili ni wa darasa langu, na mmoja nilikuwa namwandika mvivu. Hakuna semina imewahi kunipa kitu kama hicho, na yule mama amekuwa akiyaona hayo miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kitu kingine, mafungo yasigeuzwe mkutano. Kuna shule moja nilialikwa, asubuhi ilikuwa nzuri mno, padri ametuongoza lectio divina, yaani kusoma Biblia polepole kwa sala, watu wametulia kabisa, kufika saa nane projekta ikawashwa tukaletewa matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, somo kwa somo, walimu wakaanza kujitetea, mmoja akalia. Iliniuma. Mtu amefungua roho yake asubuhi, sio haki kumchapa nayo mchana. Matokeo yana siku yake, na mambo ya mwalimu wa TSC anayelipwa na serikali na mwalimu wa bodi anayelipwa na shule vilevile.

Kwa kitubio, yaani kuungama dhambi, wekeni padri mmoja au wawili pembeni chini ya mwarobaini, anayetaka aende, msitangaze foleni.

Pesa si nyingi, ni usafiri, kiingilio, maharagwe, chapati na maji mengi sababu jua la huku unalijua. Kuhusu padri, mwandikie paroko mapema, Kwaresima wanabanwa sana na vigango, yale makanisa madogo ya parokia, muhula wa pili ni rahisi kuwapata.