Maswali na Majibu: Mashine pepe tano, diski nne, na seva inayokwama kila asubuhi

Swali

Asalaam aleikum fundi. Ninasimamia kompyuta katika kituo cha afya cha binafsi hapa Lamu mjini. Tuna seva moja yenye Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi pamoja ndani ya seva moja. Ndani yake zimo tano za Windows: ya rekodi za wagonjwa, ya duka la dawa, ya hesabu, ya faili za pamoja zikiwemo picha za eksirei, na ile inayothibitisha majina na nywila za wafanyakazi. Diski ni nne za terabaiti 4, zile za kuzunguka mara 7,200 kwa dakika, zimefungwa RAID 5 kwenye kadi, yaani zinagawana data na alama ya ulinzi ili moja ikifa data isipotee. Seva ina nafasi nane za diski na nne ziko tupu. Miaka mitatu haikutusumbua. Tangu miezi miwili iliyopita, kila siku ikifika saa mbili asubuhi, kompyuta ya mapokezi inakwama. Mgonjwa anasimama dakika nzima akingoja jina lake litokee. Prosesa haivuki asilimia 20 na RAM bado ina nafasi. Muuzaji mmoja wa Mombasa anatushauri tununue hifadhi maalumu iliyoundwa kwa ajili ya mashine pepe, na bei yake inazidi ya seva yenyewe. Je, hiyo ndiyo dawa?

Jibu

Waaleikum salaam ndugu yangu. Usinunue bado.

Katika maelezo yako yote, maneno yaliyonishika ni haya: "tangu miezi miwili iliyopita". Seva iliyobeba mashine zilezile tano kwa miaka mitatu haiwi fupi ghafla kiasi cha kudai hifadhi ya bei hiyo. Kuna kitu kimebadilika humo ndani, na nakuomba ukitafute kabla hujatoa hata shilingi moja ya kituo.

Mimi ningeanza na betri ya kadi ya RAID. Kadi hiyo ina memori yake ndogo, na pembeni yake betri au kapasita, kifaa kidogo cha kutunza umeme. Mashine pepe ikitaka kuandika, kadi hupokea data kwenye memori, hujibu papo hapo kwamba kazi imekwisha, halafu huiteremsha diskini kwa mpangilio wake. Betri ipo ili umeme ukikatika, kilichokuwa njiani kisipotee. Betri ikichoka, kadi nyingi huacha utaratibu huo zenyewe: kila kinachoandikwa lazima kifike diskini kwanza ndipo jibu litoke. Mara nyingi hakuna anayeambiwa. Wafanyakazi wanahisi tu kwamba mambo yamekuwa mazito. Joto hufupisha maisha ya betri hizi, na chumba cha seva cha pwani miezi ya kaskazi unakijua kilivyo.

Kama kadi yako ni ya ukoo wa LSI, jina la mtengenezaji wa kadi hizi, andika `storcli /c0/vall show` na utazame safu ya Cache. Ukikuta herufi WB, kadi bado inatumia memori yake. Ukikuta WT, imeacha, na huenda umeshampata mwizi wako. Betri mpya ni kitu kidogo cha kuagiza na kubadilisha jioni moja. Ila nakusihi, usiilazimishe kadi kurudi WB ilhali betri imekufa. Kadi zinakuruhusu, na seva itachangamka siku hiyohiyo, lakini umeme ukikatika mara moja tu, kanzidata ya wagonjwa inaweza kubaki nusu imeandikwa. Kwenye hesabu hilo ni maumivu ya kichwa. Kwenye dozi za dawa ni jambo jingine kabisa.

Pili, pima. Weka kifurushi cha sysstat kwenye Proxmox, na kesho saa mbili kasorobo uache `iostat -x 2` ikiendelea. Macho yako yawe kwenye r_await na w_await, yaani milisekunde ambazo kila ombi la kusoma na la kuandika limesubiri. Kwa diski za kuzunguka, chini ya 10 ni raha. Zikipita 20 watu wanaanza kuhisi. Zikifika 100 na kuendelea, simu yako itakuwa inalia. Hifadhi naipimia muda wa kusubiri kwanza, ukubwa baadaye. Terabaiti 12 zako hazijawahi kuwa tatizo.

Sasa nikueleze kwa nini mashine pepe huzielemea diski hata pale data yenyewe ni ndogo. Mfikirie hamali pale gatini na punda wake mmoja. Mzigo wote ukiwa wa nyumba moja ya mtaa wa Langoni, atakwenda na kurudi kwenye kichochoro kilekile na kazi itakwisha mapema. Lakini wenye mizigo wakiwa watano, kila mmoja akimtupia furushi moja moja, huyu wa Langoni, huyu wa Mkomani, kisha Langoni tena, mizigo haijaongezeka uzito hata ratili, ila siku nzima imeishia njiani. Kila mashine pepe inajiona peke yake na kuandika kwa mstari ulionyooka. Mistari mitano ikichanganyika juu ya diski zilezile, inageuka vipande vya huku na kule, na kichwa cha diski ndicho kinachotembea.

Mwendo huo una hesabu yake. Diski ya mizunguko 7,200 huzunguka mara moja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani kichwa husubiri kama 4 data ipite chini yake, baada ya kutumia 8 au 9 kufika mahali penyewe. Jumla ni kama kazi 80 kwa sekunde kwa diski moja, na 320 kwa zako nne. Lakini hiyo ni kwa kusoma. RAID 5, kwa kila andiko dogo, husoma data ya zamani, husoma alama ya ulinzi, kisha huandika zote mbili upya. Kazi nne kwa andiko moja. Gawanya 320 kwa nne, unarudi 80 palepale: diski nne zinaandika kwa kasi ya moja. Miaka mitatu memori ya kadi ilikuwa inakuficha jambo hili. Ndiyo maana naishuku betri.

Saa mbili ndiyo saa yenyewe kwa sababu wafanyakazi wote wanaingia kwa pamoja. Angalia pia kama ukaguzi wa virusi umepangwa saa hiyohiyo kwenye mashine zote tano. Utawanye usiku, kila mashine na saa yake. Haigharimu kitu.

Nirudi kwa muuzaji wako. Hakukudanganya, hifadhi ya namna hiyo ipo na ina maana yake. Hifadhi za zamani hukatwa mapande yanayoitwa LUN, na ndani ya pande moja unaweka mashine pepe kumi au ishirini. Hifadhi yenyewe haijui kilichomo. Ukitaka kurudisha mashine moja katika hali ya jana, unarudisha pande zima. Mashine moja ikila kasi yote, hifadhi haioni ni ipi. Mwaka 2008 Kieran Harty, aliyekuwa akiongoza uhandisi VMware, kampuni ya programu za mashine pepe, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya hifadhi ya Tintri kwa wazo kwamba hifadhi iitambue kila mashine pepe kwa jina lake: ipimwe peke yake, ilindiwe kasi yake, ichukuliwe peke yake snapshoti, yaani alama ya hali yake ya saa ile unayoweza kuirudia. VMware nao wakaleta utaratibu wao, vVols, mwaka 2015 kwa nia hiyohiyo. Wazo ni zuri na naliheshimu. Lakini Tintri ilifilisika mwaka 2018 na kununuliwa na DDN, kampuni nyingine ya hifadhi, na vVols zilitangazwa mwaka 2025 kwamba zinaondolewa. Mwenye mashine mia tatu na mafundi zamu kwa zamu anaweza kuhimili misukosuko hiyo. Wewe una mashine tano, na kipuri chako kinapita Mokowe kwa boti.

Na habari njema ni kwamba wazo lenyewe unaweza kulipata bila kulinunua. ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda data diskini ulioanzia Sun Microsystems na kutolewa wazi mwaka 2005, imo ndani ya Proxmox bila malipo. Ukiitumia, kila diski ya mashine pepe inakuwa sehemu yake yenyewe. Ukiwa na snapshoti yake, unaweza kurudisha duka la dawa nyuma kwa muda wa saa mbili bila kugusa rekodi za wagonjwa. Pia hukagua kila kipande kwa alama yake kinaposomwa, na kikiwa kimeharibika hukitengeneza kutoka diski pacha.

Kwa hiyo hata betri ikiwa nzima, ninachokushauri ununue ni SSD mbili za seva, diski zisizo na kinachozunguka, terabaiti 1.92 kila moja, uzifunge pacha kwa ZFS. Nasisitiza za seva. Zina kapasita ndogo zinazozipa nguvu ya kumalizia kuandika umeme ukikatika, na kwa sababu hiyo zinaweza kuijibu kanzidata upesi bila kuidanganya. SSD ya dukani ya kompyuta ya mkononi itang'ara siku ya kwanza, halafu kanzidata ikianza kudai uhakika wa kila andiko, utaiona ikipiga magoti. Uvumilivu wa kuandikwa mara moja kwa siku kwa ukubwa wake mzima unawatosha sana. Picha za eksirei ziache kwenye diski za kuzunguka. Ni kubwa, na hufunguliwa kwa nadra.

Jambo moja la hatari: ZFS inataka kuziona diski moja kwa moja, si nyuma ya RAID. Usibadili hali ya kadi iliyobeba data hai, unaweza kupoteza kila kitu. Fungua mfuniko uangalie. Mara nyingi nafasi nane hugawanywa kwa kebo mbili, nne kwa nne. Ikiwa ndivyo, hizo nne tupu zichomeke kwenye kadi nyepesi ya HBA, ile inayozionyesha diski moja kwa moja bila RAID. Hapo Proxmox itakuruhusu kuhamisha diski ya mashine pepe huku mashine inafanya kazi. Ukiwa umefungua, piga tochi kwenye pini za shaba. Hapa Malindi nimefungua seva iliyokaa karibu na dirisha la upande wa bahari nikakuta pini zina ukungu wa kijani, chumvi imekula. Diski zilikuwa nzima. Viungio ndivyo vilivyokuwa vinazikatakata.

Kuhusu snapshoti, nina jambo linaloniuma mpaka leo. Katika hoteli moja hapa Malindi nilichukua snapshoti kabla ya kusasisha mfumo wa kupokea wageni, kazi ikaenda vizuri, nikaisahau miezi minne. Snapshoti huhifadhi kila kilichobadilika tangu siku ile, na ilikua kimyakimya hadi hifadhi ikajaa usiku wa Jumamosi. Mashine zote zilisimama kwa pamoja, maana zote zilikuwa zinateka kisima kimoja. Tulirudisha nakala ya Ijumaa, na msichana wa mapokezi akaingiza upya siku nzima ya wageni kutoka daftari la mkono. Tangu hapo snapshoti yangu haipiti siku tatu, na hifadhi ikifika asilimia 80 napata ujumbe.

Wala snapshoti si nakala rudufu; inakaa kwenye diski zilezile na itakufa nazo. Tafuta kompyuta kuukuu, uiwekee Proxmox Backup Server, uiweke jengo jingine. Kila usiku itachukua vipande vilivyobadilika tu. Na nyumba za mji zilivyobanana, na makuti yalivyo mengi, nakala nyingine ivuke maji kila wiki.

Ukishapata SSD, anza na mashine ya hesabu, mchana wa Ijumaa kituo kikiwa kimya. Iache siku mbili, soma w_await, kisha duka la dawa. Rekodi za wagonjwa zihame mwisho, baada ya kurudisha nakala yake kwenye mashine ya majaribio na kumwita muuguzi afungue faili tatu anazozijua, athibitishe kwamba ndizo.