Kisamvu cha mama Muheza, na mahamri yasiyo na vipimo

SWALI: Shikamoo bibi. Nimezaliwa na kukulia Muheza, sasa ni mwalimu huku Dodoma. Mama alitutoka miaka kadhaa iliyopita, na katika mapishi yake yote ninachokililia ni kisamvu cha nazi. Tukirudi shule tulikikuta kwenye chungu, tunakila kwa bada, ugali wa muhogo, mpaka tunagombania ukoko. Nimejaribu sana kukipika lakini ladha ile siipati. Changu kina uchungu kwa mbali, kisha ni majimaji. Majani nanunua sokoni, nasaga kwenye blenda, nabandika kwenye gesi, halafu natia tui la pakiti. Mama alikuwa akichuma nyuma ya banda la kuku, kaka yetu akipanda mtini kuangusha matawi. Dada zangu wanasema tofauti ni kuni tu. Ni kweli?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana, Mungu amrehemu mama. Kuni zina mchango wake, nitakuja huko. Lakini barua yako yenyewe imetaja jambo kubwa zaidi kisha ikalipita: kaka alipanda mtini. Muhogo, hata unawiri vipi, haubebi mtoto wa kiume. Basi mama yako alikuwa akichuma majani ya mti wa mpira.

Watu wa Tanga tunaujua mti huo. Ni ndugu wa muhogo, ila unakuwa mti hasa, na majani yake ni mapana kidogo, yenye vidole vitatu hadi vitano. Asili yake ni Ceará, kaskazini mashariki mwa Brazili. Wajerumani waliupanda mashambani huku Tanga na Muheza kwa ajili ya utomvu wake, na walipata faida mpaka bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913, kwa kuwa mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa umejaa sokoni. Mashamba yakaachwa, miti ikabaki, na mama zetu wakaigeuza mboga. Hapo juu kwenu, katika kituo cha utafiti cha Amani, miaka ya 1930 wataalamu waliuchanganya mti huohuo na muhogo ili wapate mbegu ya muhogo inayostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Kwa hiyo mti wa nyuma ya banda la kuku una historia ndefu kuliko nyumba yenu.

Kisamvu cha mpira ni laini na kizito, kinashikana. Cha muhogo kina nyuzinyuzi zaidi na kinaachia maji upesi. Majani ya soko lako karibu hakika ni ya muhogo. Si mabaya, ila usiyadai ladha ambayo hayanayo. Ulizia kwa wauzaji wenye asili ya pwani au Morogoro, wengi wanaujua mpira na wakiagizwa wanaleta. Na ukienda Muheza likizo, omba kipande cha tawi upande uani kwako. Unashika kwa urahisi, na hauogopi jua la Dodoma.

Sasa blenda. Mwanangu, iweke kwa ajili ya juisi. Blenda inakatakata jani na inataka maji ili izunguke, ndiyo maana chungu chako kinajaa majimaji kabla hujaanza kupika. Kinu kinaliponda jani likatoa utomvu wake lenyewe. Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga mjini, na mama yangu alikuwa hatii jani kinuni kabla hajalikunja kwa vidole. Likivunjika likalia, limekomaa, linakwenda kwa mbuzi. Likikunjika kimya, linaingia kinuni. Anatia punje za kitunguu saumu na chumvi ya mawe kidogo, maana ile chumvi inayashika majani yasirukeruke mchi unaposhuka. Akishatwanga anachukua kidogo, anakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Akigusa uzi wowote anarudi kutwanga. Sisi watoto tulikuwa na njaa, tukimwambia kimeshalainika, yeye hatusikilizi. Kidole chake ndicho kilichoamua. Na naamini alikuwa na haki, sijaonja kisamvu kilichotwangwa nusu kikawa kitamu kwa kuongezwa nazi.

Huo uchungu nao unatokana na hapohapo. Jani bichi la muhogo, na la mpira vilevile, lina sumu ya sianidi. Kuponda kunaifungua, na kuchemsha sufuria ikiwa wazi kunaiondoa pamoja na mvuke. Wewe bila shaka unafunika ili uokoe gesi. Usifunike. Tia maji ya kutosha, chemsha kwa muda wa saa nzima au zaidi, mpaka ile harufu kali ya ubichi iishe kabisa na rangi igeuke kuwa kijani cha giza. Hili silisemi kwa ajili ya ladha peke yake: kisamvu kisichoiva kinaumiza watu, usimpe mtoto kijiko cha kuonja kabla hakijaiva. Wengine wanatia magadi ili kilainike haraka. Kinalainika kweli, lakini kinateleza na kinaacha ladha ya sabuni nyuma ya ulimi. Mama yangu hakuyaruhusu jikoni kwake, nami siyaruhusu.

Kunde zipike peke yake, ukazichanganye zikiwa zimeiva. Kisha nazi. Nazi zinafika Dodoma kwa malori, chagua iliyokauka ganda na uitikise sikioni. Isiyo na sauti ya maji iache, huenda imeoza. Ikune, kamua tui zito la kwanza uliweke kando, halafu rudia chicha kwa maji ya vuguvugu upate tui jepesi. Tui jepesi ndilo linalotangulia, na kisamvu kichemkie humo mpaka kikaribie kukauka. Hapo ndipo unamimina tui zito, unapunguza moto, na unakoroga kwa mwiko bila kuacha mpaka litokote kidogo, la sivyo linakatika. Utajua kimekamilika ukiona mafuta yanaanza kuchomoza pembeni mwa chungu. Tui la pakiti limeshapitishwa kwenye moto kiwandani na mara nyingi limetiwa vitu vya kulishikilia lisijitenge, ndiyo maana mafuta yale huyaoni na harufu ya nazi mbichi huipati.

Kuhusu kuni, dada zako wana hoja, hasa kwa chungu. Chungu kinashika moto kisha kinauachia polepole, kwa hiyo chakula kinaendelea kuiva hata kuni zikitolewa. Kama huna mafiga, chungu juu ya jiko la mkaa kinatosha.

Na jambo moja uwaulize hao dada zako. Mlikuwa mnakikuta kwenye chungu mkitoka shule. Mama alikipika asubuhi ile, au jana yake jioni? Kisamvu kilicholala hakifanani na cha leo. Nazi imeshaingia, kunde zimeshanyonya chumvi, na ule ukoko mliokuwa mkigombania mara nyingi ni wa chungu kilichopashwa moto mara ya pili.

SWALI: Salaam aleikum bi. Mamangu yu hai, alhamdulillahi, na hakuna mtu hapa Mji wa Kale apikaye mahamri kama yeye. Nataka niandike mapishi yake kabla sijasafiri, lakini kila nikimuuliza kiasi gani anajibu "kiasi tu". Nikimrekodi kwa simu anakasirika. Nifanyeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Usimuulize kiasi gani, kwa sababu mkono wake ndio unaojua, yeye mwenyewe hajawahi kuhesabu. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Kabla hajaanza, pima bakuli la unga, kopo la sukari, tui na hamira, uandike. Mwachie achote anavyochota siku zote, wala usimkatishe. Akimaliza kukanda, pima kilichobaki. Tofauti ndiyo mapishi yake. Iliki ihesabu ikiwa kwenye maganda kabla haijatwangwa.

Fanya hivyo zaidi ya mara moja, maana siku ya mvua unga unakunywa tui tofauti na siku ya kaskazi. Simu iweke mbali. Kaa naye chini, ukande donge lako kando ya lake, kisha mwombe alibonyeze la kwako. Akisema bado, uliza anasikia nini mkononi, na andika maneno yake kama alivyoyasema.